Una Mtoto Mwingine?

Mtoni kwa Azizi Ali,
Dar es Salaam.
9 Februari 2025

Dada Subilaga,

Shikamoo. Mama naye mpe yake, umwambie magoti nimepiga hukuhuku Mtoni, asiseme mjini tumesahau.

Boksi lilifika salama. Ndizi chache ziliiva njiani, nikawagawia majirani. Barua yako niliikuta katikati ya maharage, nikacheka, halafu nikajisikia vibaya. Unasema kila ukipiga simu nakujibu "tunaendelea vizuri" kisha nakata, na kwamba kama nataka habari za mwanangu Blessing nikuandikie kama watu walivyoandikianaga zamani, maana mtu hawezi kudanganya kurasa mbili nzima. Mwalimu ni mwalimu tu. Haya, naandika.

Shemeji yako Isack yupo, anashinda karakana kwao Keko, wana oda ya sofa za harusi. Genge langu nimemwachia jirani kwa sasa. Joto la mwaka huu linakaanga mtu.

Eli ndiyo hivyo. Lile jicho la kushoto nililokuambia linang'aa kama la paka, sasa linang'aa hata mchana akigeukia dirishani. Kule hospitali kubwa walimpa dawa ya usingizi wakamwangalia vizuri. Wodi ni ya watoto watupu, ina meza ya kuchorea. Eli alichora duara lenye miguu, akasema ndiyo mimi. Wauguzi walicheka sana. Tuombeane.

Blessing anakula? Asilale na nywele mbichi, kifua chake unakijua. Mwambie mdogo wake akipata nafuu tu, nakuja kumchukua. Huku asingekuwa na mtu wa kumpikia wala kumpeleka shule, mie mguu ndani mguu nje.

Eli ameamka, ananiita.

Mdogo wako,
Atuganile

*

Tukuyu,
22 Februari 2025

Mdogo wangu Atuganile,

Marahaba. Mama amesikia salamu. Amesema magoti ya kwenye karatasi hayana vumbi, atayapokea ukija mwenyewe.

Huku mvua inanyesha kama imetumwa. Nguo hazikauki, tunazianika juu ya jiko. Mama mguu unamsumbua asubuhi, ukishapata moto anatembea. Blessing ameanza shule hapa kwetu, nimeomba asiwe darasani kwangu ili wenzake wasimseme. Anakula, analala, jioni anamsaidia bibi yake kuchambua maharage. Usiwe na wasiwasi naye.

Sasa wewe. Nimesoma barua yako mara mbili nikimtafuta daktari. Nimeona joto, nimeona sofa za harusi, nimeona meza ya kuchorea. Daktari simwoni. Mtoto hapewi dawa ya usingizi, watu wazima wakamwangalia jicho, kisha wakanyamaza. Walisema nini?

Niandikie, hata kama ni mstari mmoja.

Dada yako,
Subilaga

*

Mtoni,
30 Machi 2025

Dada Subilaga,

Shikamoo. Natumaini mguu wa mama umepata nafuu. Mvua zimeanza na huku, barabara yetu ya ndani imekuwa dimbwi, watu wanaruka juu ya matofali.

Nimechelewa. Barua hii nimeianza nikachana, nikaianza nikachana. Siku hizi siwezi kukaa, dada. Naosha vyombo visafi. Nafagia uwanja, nageuka, naufagia tena. Mama mwenye nyumba ameniuliza kama nina wageni.

Ulikuwa unamtafuta daktari, huyu hapa. Ni mama wa makamo, sauti yake ya chini. Alituketisha mie na Isack, akasema ni saratani ya jicho. Iko kwenye jicho moja tu. Jicho lile halioni tena, na njia ya kumwokoa mtoto ni kulitoa kabla ugonjwa haujapanda kichwani. Alisema polepole, kisha akanyamaza ili tulie. Mie sikulia. Isack akasimama.

"Mama daktari, mtoto wangu ana miaka mitatu."

"Ndiyo, baba."

"Unataka nimrudishe nyumbani akiwa chongo?"

"Nataka umrudishe nyumbani akiwa hai."

Isack akachukua begi la Eli, akatoka. Na mie nikatoka nyuma yake nimembeba mtoto. Hilo ndilo ambalo sikuliandika. Wakati nakuandikia habari za meza ya kuchorea, tulikuwa tumeshaondoka hospitali.

Usimwone Isack mtu mbaya. Kwao alisoma na mtoto mwenye jicho moja. Walimwita Chongo hadi anamaliza la saba, hata mwalimu alimwita hivyo, na Isack anasema leo ukimuuliza jina la yule mtoto halijui. Ndicho anachokiona akimtazama Eli. Kila Jumamosi anampeleka kwenye maombi huko Chamazi. Mchungaji mwenyewe amemwambia, "Baba, sisi tunaomba, na nyie hospitali msiache." Isack anasikia nusu ya kwanza tu.

Tafadhali usimpigie simu. Ukimpigia atajua nimekuambia, na humu ndani hapatakalika.

Blessing vipi? Kila nikipiga unasema amelala, au katumwa dukani. Wiki iliyopita ulisema amelala, na ilikuwa saa kumi jioni.

Atuganile

*

Tukuyu,
7 Aprili 2025

Atuganile,

Salamu nitaziweka mwisho leo.

Sitampigia shemeji. Wewe ndiye nitakayekuuliza. Siku ile miguu ya kutoka hospitali ulikuwa nayo. Ya kurudi imepotelea wapi? Nimekuona ukipandisha magunia ya viazi kwenye lori pamoja na wanaume, ukiwa na mimba ya Blessing. Leo unafagia uwanja mara mbili.

Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Baba yake anampenda, sina shaka. Basi ampende akiwa na jicho moja, kwa sababu kaburi halina jicho hata hilo moja. Nisamehe kwa neno hilo. Nimelifuta, nikaliandika tena.

Mama hajui. Aliniuliza kwa nini nasoma nimesimama, nikamwambia taa ni hafifu. Ni mzima, anakusalimu. Blessing ni mzima pia, ila chakula anachaguachagua. Ni mazingira tu, atazoea.

Rudi hospitali. Usiningoje nikujibu tena.

Subilaga

*

Mtoni,
4 Mei 2025

Dada,

Jicho limetolewa. Naliandika kwanza ili lisinikwame. Eli yuko hai, anakula, analalamika. Shikamoo. Mama umwamkie.

Barua yako niliisoma nimesimama uani. Sikuingia hata ndani kubadili kanga. Isack alikuwa kazini. Nilimwita Marijani, yule jirani mwenye bajaji, nikamwambia hospitali, akawasha bila kuuliza. Njiani Eli aliegemea kifuani kwangu, na lile jicho lilikuwa limeanza kuvimba, jekundu, analifunika kwa kiganja. Isack nilimtumia meseji ya neno moja: "Tumeenda."

Nilijua daktari atanigombeza. Hakunigombeza. Alimwangalia Eli, akaniangalia mie, akasema, "Karibu tena, mama," akaanza kuita watu wake. Tukalazwa, vipimo vikarudiwa vyote. Isack hakupiga simu. Nilimpigia mie, haikupokelewa.

Siku ya upasuaji Eli hakutakiwa kula kitu tangu asubuhi. Nikamwona Isack mlangoni mwa wodi, shati limejaa pamba za sofa, hata hakujikung'uta. Nikasimama. Nilijua sasa atapiga kelele mbele za watu, na nilishajiandaa kupiga kelele zangu. Eli akamuona kabla sijasema kitu.

"Baba, wananinyima uji!"

Isack akageuka, akamfuata daktari kule kwenye meza yake. Nikamfuata nyuma. Akasema, "Mtoto anataka uji."

"Akitoka ndani atakunywa, baba."

Kisha akauliza, "Wa ulezi anaruhusiwa?"

"Anaruhusiwa."

Akatoka nje kwenda kutafuta uji wa ulezi. Basi. Hivyo ndivyo mume wangu alivyokubali, dada, sijasikia neno jingine hadi leo. Walipomtoa Eli amefungwa bandeji nusu ya uso, Isack alikuwa amekaa na chupa ya chai ameikumbatia, uji umo humo.

Majibu ya maabara yamerudi. Ugonjwa ulikuwa umeanza kuufuata ule mshipa wa nyuma ya jicho, kwa hiyo kuna dawa za dripu, za miezi. Daktari hakusema tumechelewa. Alisema, "Tungependa mngekuja mapema." Ni kitu kilekile. Isack alikuwa anaangalia sakafu.

Halafu daktari akaniuliza, "Una mtoto mwingine?"

Nikamwambia ninaye, msichana wa miaka tisa, yuko kwa dada yangu Tukuyu. Akasema naye lazima aangaliwe macho, ingawa kwa umri wake hatari ni ndogo sana. Kisha akauliza anajua nini kuhusu ugonjwa wa mdogo wake. Nikasema tumemwambia Eli anaumwa jicho, basi, yeye ni mtoto. Daktari akasema, "Mtoto usipomwambia, hujiambia mwenyewe."

Neno hilo limenikaa vibaya. Dada, Blessing anajiambia nini? Safari hii na wewe usinipe mvua wala maharage.

Atuganile

*

Tukuyu,
13 Mei 2025

Mdogo wangu,

Nimemshukuru Mungu hadi mama akauliza kuna nini. Nikamweleza yote. Hakulia. Alisema nimpelekee kuku wake mweupe sokoni, pesa zimnunulie Eli maziwa. Nimemwambia maziwa Dar yapo. Amesema yapo, lakini si ya kwake.

Umeniomba nisikupe mvua. Haya.

Mwezi wa tatu, Blessing hakurudi kutoka shule. Nilimkuta stendi, amekaa na mfuko wa nguo zake, anambembeleza konda wa basi la Dar aliyemwambia mtoto hasafiri bila mtu mzima. Nilimwuliza anakwenda wapi.

"Hospitali."

"Kufanya nini?"

"Kuwaambia ni mimi."

Nikamkalisha kwenye benchi la pale stendi. Ilichukua muda. Alisema siku moja, kabla jicho halijaanza kung'aa, waligombana uani, Eli alimvurugia nyumba aliyokuwa akiijenga kwa mchanga. Akachota mchanga akammwagia usoni. Eli alilia sana. Wewe ulikuwa gengeni. Akamwosha kwa maji ya ndoo, akamwahidi pipi asiseme. Kisha jicho likaanza kuuma. Kisha ukamleta yeye huku.

"Mama amejua," aliniambia. "Ndiyo maana kanileta."

Nilimwambia si kweli. Nilimwambia mchanga hauleti ugonjwa kama ule. Lakini mimi ni mama mkubwa tu, Atuganile, na wakati ule hata jina la ugonjwa sikulijua kutoka kwako. Aliniangalia kama mtu anayeambiwa mvua haitanyesha huku akiona mawingu. Tangu hapo simu yako ikiita anatoka nje. Halali, hatumwi dukani, anakwenda kukaa nyuma ya jiko. Chakula anakula robo, kingine anakirudisha kwenye chungu nikigeuka.

Niliona umebeba la kutosha, nikasema nisikuongezee. Nilikukaripia wewe kwa kuficha, na mimi nilikuwa nimekalia langu.

Hili si la kujibiwa na mimi.

Subilaga

*

Mtoni,
25 Mei 2025

Dada, shikamoo.

Barua yako niliisomea wodini, Eli ana dripu mkononi, siwezi kuondoka. Nilitaka kukimbia na dripu lenyewe. Nikaanza kumwandikia Blessing, nikaandika "mwanangu", basi, kalamu ikagoma.

Isack akaichukua barua yako mkononi mwangu akaisoma. Akaisoma tena. Akaniuliza, "Ule mchanga, mimi ndiye niliyeuleta? Ule uliobaki tulipojenga choo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema anakuja kumchukua mwanawe, shule zikifungwa tu.

Sijui atamwambia nini. Unajua alivyo, maneno yake ni ya kutoa kwa koleo. Kaa karibu nao.

Atuganile

*

Tukuyu,
8 Juni 2025

Mdogo wangu Atuganile,

Marahaba, na salamu za mama zije mbele ya zangu. Boksi hili analibeba shemeji mwenyewe, nimelishona mdomo kwa uzi ili parachichi zisidondoke. Utakapoisoma barua hii Blessing atakuwa nyumbani kwako, lakini kuna mambo hatakusimulia, na baba yake ndiyo kabisa.

Shemeji alifika akiwa amevimba miguu kwa safari. Hakutaka hata maji. Aliuliza, "Yuko wapi?" Nikamwonyesha nyuma ya jiko. Blessing alipomwona akasimama, mgongo ukutani, mikono nyuma, kama watoto wanaongoja fimbo darasani kwangu. Uliniambia nikae karibu, nilijifanya napepeta mchele.

Baba yake alichuchumaa chini. Akasema, "Nimesikia habari za mchanga."

Mtoto akatoa mkono mbele, kiganja juu.

"Nisikilize. Mimi nimekaa mbele ya daktari. Ugonjwa wa Eli ulianza ndani ya jicho, tangu akiwa tumboni kwa mama yako. Ulikuwepo kabla hujamjua."

Blessing akainua uso. Kisha akauliza, "Hata kama mchanga ulikuwa mwingi?"

"Hata kama ungemwaga lori zima."

Nikamsikia shemeji akivuta pumzi. Akaendelea, "Daktari alitaka kumtibu mapema, mimi nikakataa. Niliogopa. Mama yako ndiye aliyemrudisha. Na huku hukuletwa kwa kosa. Ulikosa mtu wa kukupikia, tukakuleta kwa mama mkubwa. Basi."

Sikutegemea aseme mbele ya mtoto kwamba aliogopa. Nadhani na yeye hakutegemea.

Akamwambia kwamba jicho la Eli limetolewa. Blessing akafikiri, akasema, "Mimi ninayo mawili. Watoe langu moja wampe." Alilisema kama mtu aliyeshapiga hesabu zamani. Shemeji akamvuta, akamkumbatia, na hapo nikaacha mchele nikaingia ndani, maana mwanaume yule alikuwa analia kwa sauti, na si vizuri shemeji akijua nimemwona.

Jioni hiyo Blessing alikula ndizi na nyama, akaongeza. Mama alimtazama hadi akamaliza, akashukuru kimya kimya, "ndaga", kama aliyepokea kitu.

Mwangalieni macho yake. Nijulishe haraka, na usinifiche.

Subilaga

*

Mtoni,
20 Julai 2025

Dada Subilaga,

Shikamoo nyingi, za kwako na za mama. Huku kumepoa, asubuhi tunavaa masweta, ungecheka ukituona. Genge nimelirudia siku ambazo Eli hana dripu. Kuku wa mama tumemnywa wote kama maziwa, mwambie.

Macho ya Blessing ni mazima yote mawili. Daktari alimwita mezani kwake peke yake, akamwonyesha picha ya jicho, akamwacha aulize. Aliuliza hadi mgonjwa mwingine akasogezwa mbele. Shule ameshahamishiwa huku tena.

Eli bado. Nakuambia yote kama ulivyoniomba. Nywele zimeisha, kidonda kimepona, baadaye atawekewa jicho la bandia, anasema anataka la kijani. Dawa zinaendelea. Daktari anasema mwili unapokea, ila hawezi kuniapia, na jicho la kulia wataendelea kuliangalia kwa miaka. Kila akilisugua kwa usingizi, mie roho inanitoka. Sijajifunza kukaa, dada. Isack anasema ananisikia nikitembea hata nikiwa nimekaa.

Nilichotaka kukusimulia hasa ni hiki. Blessing alivyofika alikuwa anamwogopa Eli. Siyo uso wake, alimwogopa yeye mzima, kama anayebeba trei ya mayai. Akidai kalamu, anapewa. Akidai kiti alichokalia dada yake, anaachiwa. Nyama ya kwenye sahani, chukua mdogo wangu. Na Eli unamjua, alishagundua, akawa sultani. Mie nilifurahi mwanzoni. Kisha ikaanza kunitia simanzi, maana mtoto wa miaka tisa hawezi kuwa mpole kiasi hicho bila kuwa na jambo. Nilishamwambia mara kadhaa, "Blessing, yeye ni mdogo wako tu." Anaitikia, "Sawa mama," kisha anamwachia kiti.

Juzi Jumamosi nilikuwa jikoni, Isack anatengeneza stuli barazani. Nikasikia Eli anacheka kile kicheko chake cha ubaya. Alikuwa amechukua daftari la Blessing la kuchorea, amelichanachana. Nikangoja ile "sawa mdogo wangu".

"Eli wewe! Mshenzi wewe! Lete hapa!"

Nikatupa mwiko, nikatoka. Wameshikana katikati ya chumba, Blessing amemkamata sikio, Eli amemng'ata mkono, wote wanapiga mayowe, karatasi zimetapakaa hadi chini ya kitanda. Isack akaja mbio, nyundo mkononi.

"Atamuumiza!"

Nikamshika shati. "Waache, baba Blessing."

"Mama Blessing, mtoto mgonjwa huyo."

"Ninajua. Waache."

Tukarudi nyuma ya pazia, tukasimama pale, watu wazima wawili, tunasikiliza. Eli analia kwamba atasema kwa baba. Blessing anamjibu nenda kaseme, kaseme hata kwa mjumbe, sikuogopi. Isack aliniangalia, mdomo unamcheza, hajui acheke au alie. Mie nilikaa chini palepale sakafuni. Ugali ukaungua, tukaula hivyohivyo.

Mdogo wako,
Atuganile